Kulisoma kanisa la parokia: Jimbo Kuu la Liverpool tangu 1791

Mkatoliki anayefika kwa mara ya kwanza katika vijiji vya kaskazini-magharibi mwa Uingereza huona kanisa la mawe la karne nyingi, makaburi yamelizunguka, mnara mnene upande wa magharibi, akadhani amefika kwao. Hajafika. Makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya Matengenezo ya Kiprotestanti ya karne ya 16 yalibaki mikononi mwa Kanisa la Anglikana, na mpaka leo ni ya Waanglikana. Wakatoliki walianza upya, bila jengo hata moja la parokia. Kanisa lao utalikuta mtaa wa pili, pengine la tofali, nyumba ya mapadre imeshikana nalo ubavuni na shule iko hatua chache pembeni. Umri wake hauzidi sana miaka 230.

Vitabu vingi vya mwongozo huyaeleza makanisa hayo kwa mitindo: hili la Kigothi (mtindo wa Zama za Kati wa matao yaliyochongoka), lile la Kirumi, lile la kisasa. Maelezo hayo hayana kosa, ila hayakufikishi mbali. Mtindo ni nguo. Mwili wa jengo uliamuliwa na mambo matatu: sheria ya nchi iliruhusu nini mwaka ule, fedha zilitoka kwa nani, na altare ilitakiwa ionekane kutoka wapi. Ukishajua majibu ya maswali hayo matatu, hata ubovu wa paa unaweza kuubashiri kabla hujapanda ngazi.

Jimbo la Liverpool lilianzishwa tarehe 29 Septemba 1850, Papa Pius IX aliporudisha uongozi wa maaskofu nchini Uingereza. Likawa Jimbo Kuu mwaka 1911. Mwaka 1924 eneo la kaskazini mwa mto Ribble lilimegwa kwa ajili ya Jimbo jipya la Lancaster. Lililobaki linaanzia Ribble hadi mto Mersey, likiwa na Wigan, St Helens, Warrington na Widnes ndani yake, pamoja na Kisiwa cha Man. Jambo moja huwashangaza wasomaji wa Afrika Mashariki: hadi mwaka 1908 Uingereza ilihesabiwa Roma kuwa nchi ya misheni, chini ya Propaganda Fide, idara ileile iliyowasimamia wamisionari wa Zanzibar na Bagamoyo. Parokia kwa maana kamili ya kisheria zilikuja mwaka 1918, Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa 1917 ulipoanza kutumika. Kwa hiyo hati za 1860 zinaposema “misheni” zinamaanisha kile tunachokiita leo parokia, na jengo lake lilikuwa jengo la misheni: lilianza dogo, likaongezwa kila hela ilipopatikana.

Makanisa yaliyojificha

Sheria ya 1791 ndiyo iliyowaruhusu Wakatoliki kuwa na mahali pa ibada palipoandikishwa. Ruhusa ilikuja na masharti. Mahali hapo paandikishwe mahakamani. Mlango usifungwe kwa kufuli wala komeo wakati wa ibada. Na padre aliyeadhimisha katika jengo lenye mnara na kengele alipoteza kinga ya sheria hiyo. Masharti hayo unayaona hadi leo kwenye ramani ya jengo lenyewe.

Mfano mzuri ni St Benet’s ya Netherton, karibu na Bootle, iliyojengwa mwaka 1793. Ukisimama barabarani unaona nyumba ya kawaida ya tofali, ya mtu wa kipato cha kati. Ni nyumba ya padre. Kanisa limejibanza nyuma yake, chumba kimoja cha mstatili. Mpangilio wa aina hii ulirudiwa mashambani kote Lancashire, kaunti ya kihistoria inayolizunguka eneo hili: dari bapa la plasta, altare ukuta wa mwisho, roshani upande wa mlango, madirisha makubwa yenye vichwa vya duara ambayo kwa mbali yangeweza kuwa ya ghala au ya jumba la mikutano. Hakuna nguzo katikati, kwa kuwa kenchi za mbao ziliweza kuvuka upana wote. Hakuna pia aliyehangaika altare ielekee mashariki. Kiwanja kilielekea kilikoelekea. Ndiyo maana wataalamu husema “mashariki ya kiliturujia”, yaani upande wa altare, hata kama dira inasema ni kusini.

Wigan inaonyesha jinsi mtindo usivyoeleza mengi. Katika barabara moja ya Standishgate kuna makanisa mawili ya Kikatoliki yaliyopishana mwaka mmoja: St Mary’s ya 1818, ya Kigothi, na St John’s ya 1819, iliyofuata mtindo wa Kiyunani na Kirumi. Mji uleule, imani ileile, fedha za watu waleule. Tofauti ilitokana na ushindani: moja lilikuwa la mapadre wa jimbo na jingine la Wajesuiti, na kila upande ulikuwa na wafuasi wake. Ukiyatazama bila nakshi, yote mawili bado ni chumba cha enzi ya 1791, na yote mawili yamerudi nyuma kutoka barabarani.

Njaa, bandari na senti za wiki

Sheria ya 1829 iliwapa Wakatoliki karibu haki zote za kiraia, na minara ikaanza kuchomoza. Lakini kilichobadilisha ukubwa wa makanisa ni njaa ya Ireland. Mwaka 1847 pekee takriban Wairishi 300,000 walishuka katika bandari ya Liverpool. Wengi waliendelea na safari, wengine wakabaki kwenye vichochoro karibu na gati. Homa ya matumbo na ya chawa ikafuata. Mapadre kumi walikufa mwaka huo wakihudumia wagonjwa, na kumbukumbu yao iko kwenye kanisa la St Patrick’s, Park Place.

Watu hao walihitaji majengo makubwa, kwa bei ndogo, haraka. Hapa ndipo mjadala wa altare ulipokuwa wa vitendo. Augustus Welby Pugin, mbunifu Mkatoliki aliyeongoza ufufuo wa Gothi, alitaka kanisa la Zama za Kati halisi: patakatifu parefu na pembamba, tao kubwa la kupatenga na waumini, na kizuizi cha mbao kilichochongwa, msalaba mkubwa juu yake. Kwenye michoro ni maridadi. Jumapili saa tano, watu 1,000 wakiwa ndani, nusu yao hawaoni chochote. Na ibada zilizopendwa na Wakatoliki wa mjini, Baraka ya Sakramenti Kuu na Kuabudu kwa Saa Arobaini, zinategemea kuona: monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, ikiinuliwa, kila jicho linapaswa kuifikia.

Aliyelitatua ni mwanawe, Edward Welby Pugin. Kanisa lake la Our Lady of Reconciliation, Eldon Street, la 1859 hadi 1860, lilikuwa katikati ya mtaa wa maskini wa Vauxhall. Aliondoa tao la kutenga patakatifu. Paa moja lilifunika waumini na altare pamoja, patakatifu pakawa pafupi, nguzo zikawa nyembamba na zimeachana, na jengo zima likawa pana. Kwa nje alibakiza ukuta mmoja wenye pambo upande wa barabara. Pande nyingine ni tofali na mawe ya kawaida. Mpango huo ukaenea kaskazini yote kwa sababu ulipunguza gharama na kila mtu akaiona altare. Kwa maoni yetu ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia ya makanisa haya, ingawa watalii hupiga picha minara.

Dalili za fedha za senti senti huonekana kwa macho. Misheni kwanza ilikodi chumba, ikafuata shule iliyotumika kama kanisa Jumapili, kisha kanisa lenyewe, kisha nyumba ya mapadre, mwisho mnara. Mnara mara nyingi haukufika. Tazama pembe ya mbele ya kanisa: ukikuta mawe yametokeza nje kwa kupishana, moja ndani moja nje, yaliachwa makusudi ili ukuta wa mnara uje uunganishwe. Hela ikaisha, meno yakabaki. Ndani, hesabu misalaba ya kutabaruku, 12 ukutani, kila mmoja na kishikio cha mshumaa. Kwa sheria ya zamani kanisa halikutabarukiwa likiwa na deni, hivyo pengo kati ya mwaka wa kufunguliwa na mwaka wa kutabarukiwa hukuambia parokia ilidaiwa kwa muda gani. Pengo la miaka 30 si ajabu.

Alama nyingine ni ndogo lakini hazikosei. Kati ya nguzo za nje za ukuta wa ubavuni utaona vijumba vifupi vyenye paa la mteremko mmoja: hivyo ni vitubio, vilivyosukumwa nje ili visile nafasi ya mabenchi. Kinanda kiko kwenye roshani juu ya mlango mkuu, wakati Waanglikana wa enzi hiyo walikiweka karibu na altare. Kisima cha ubatizo kiko karibu na mlango. Altare ndogo ya Bikira Maria kwa kawaida iko kushoto ukitazama mbele, ya Moyo Mtakatifu au Mtakatifu Yosefu kulia.

Kutoka nguzo hadi duara

Kizazi kilichofuata kiliuliza: kwa nini tuwe na nguzo kabisa? Leonard Stokes, katika St Clare ya Arundel Avenue (1888 hadi 1890), alizivuta nguzo za kutegemeza ukuta kutoka nje akazileta ndani, kisha akazitoboa ziwe na njia ya kupita chini. Waumini wote wakakaa katika ukumbi mmoja mpana, na njia za pembeni zikawa korido za kupita tu, si mahali pa kukaa. F. X. Velarde alifanya vivyo hivyo kwa tofali katika St Monica ya Bootle mwaka 1936, akichota kutoka kwa Wajerumani wa wakati wake, hasa Dominikus Böhm: mnara mpana wa mbele, kuta nene, mapambo machache yenye nguvu.

Mabomu ya Mei 1941 yaliharibu sehemu kubwa ya kati ya Liverpool. Baada ya vita watu walihamishiwa mitaa mipya ya pembezoni, Speke na Kirkby kwa mfano, na jimbo likalazimika kujenga tena kwa kasi. St Ambrose ya Speke, iliyokamilika 1961, ni fremu ya zege iliyojazwa tofali.

Kazi bora ya kipindi hicho iko Leyland. St Mary’s ilijengwa 1962 hadi 1964, mbunifu akiwa Jerzy Faczynski, Mpolandi wa ofisi ya Weightman & Bullen. Ni duara. Altare iko katikati, paa la kati limeinuliwa na nguzo za zege zenye umbo la Y, na Njia ya Msalaba ya Arthur Dooley imewekwa kwenye nguzo hizo. Nje ya pete ya nguzo kuna korido ya duara yenye paneli 36 za vioo vizito vya rangi, kazi ya Patrick Reyntiens. Juu ya mlango kuna Hukumu ya Mwisho ya kauri ya Adam Kossowski. Angalia tarehe: hati ya liturujia ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ilitolewa tarehe 4 Desemba 1963, na maelekezo ya kuitenga altare na ukuta yalitoka Septemba 1964. Kanisa lilikuwa limeshafunguliwa. Wabenedikto waliokuwa na parokia hiyo hawakuusubiri Mtaguso uwaambie.

Duara lina gharama zake. Padre lazima ampe mtu kisogo. Tabernakulo haiwezi kukaa nyuma ya altare, hivyo Leyland iliipa kikanisa chake chenyewe pembeni, suluhisho ambalo wengi waliiga kwa haraka na kulifanya vibaya, Sakramenti ikaishia kwenye kona. Na sauti kwenye ukumbi wa mviringo hujikusanya sehemu moja na kupotea kwingine.

Kwenye makanisa ya zamani, miaka ya 1960 na 1970 ilileta patasi. Vizuizi vya komunyo viling’olewa, mimbari za marumaru zikakatwa, altare kubwa ikasogezwa mbele na ukuta wake wa nakshi mara nyingine ukavunjwa. Maelekezo ya Roma yalitaka altare izungukwe. Hayakuamuru kuvunja kilicho nyuma yake. Sehemu kubwa ya uharibifu ule haikuwa ya lazima.

Yanayoharibika, na kwa nini

Karibu kila tatizo huanza na maji, na karibu kila mara maji huingilia kwenye mfereji wa paa. Paa la 1860 ni la vigae vya jiwe la Wales. Jiwe hilo hupita miaka 100 bila shida. Kinachokufa ni misumari ya chuma iliyolishikilia. Vigae vitatu vikiteleza, fundi anarudishia. Vikianza kuteleza kila upande baada ya kila upepo, misumari yote imeliwa na kutu, na kubandika kimoja kimoja ni kupoteza fedha: paa lote livuliwe, vigae vizima virudishwe kwa misumari ya shaba.

Mifereji ya ndani kati ya mapaa mawili imetandikwa mabamba ya risasi, ile metali laini na nzito ya kijivu. Risasi hutanuka juani na kusinyaa usiku, hivyo kipande kisizidi mita 2 hivi, kikafuatiwa na kidaraja cha kukiruhusu kicheze. Mafundi waliotaka kumaliza haraka waliweka vipande virefu. Vilipasuka katikati, na ncha za kenchi zilizolala ukutani pale pale zikaanza kuoza. Mbao ikizidi unyevu wa 20% kuvu ya kuozesha hupata makazi. Siku hizi risasi pia huibiwa. Parokia nyingi zilizoibiwa zimeweka bati la chuma kisichoshika kutu lenye rangi ya kijivu, lisilo na bei kwa wezi.

Kuna kasoro moja unayoweza kuikagua mwenyewe ukiwa chini. Mabomba ya mvua ya karne ya 19 ni ya chuma cha kumiminwa na yamebanwa sana na ukuta, hivyo mgongo wake haujapakwa rangi tangu siku ya kwanza. Hutoboka nyuma, mahali pasipoonekana. Ukiona mstari wa kijani ukutani nyuma ya bomba, bomba limetoboka, hata kama mbele linang’aa. Tiba ni bomba jipya lililowekewa vishikio vya kuliachanisha na ukuta, na mifereji kusafishwa mara mbili kwa mwaka, ya pili baada ya majani kupukutika.

Ukuta wenyewe ni jiwe jekundu la mchanga, laini. Ulijengwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Katika karne ya 20 mafundi walichokoa viungo wakaziba kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe na haipitishi unyevu; maji yanabaki ndani ya jiwe, baridi inayagandisha, uso wa jiwe unabanduka na kuacha viungo vya saruji vimetokeza. Ukiyaona hayo, usiongeze saruji.

Makanisa ya 1960 yana magonjwa yake. Nondo ziliwekwa karibu mno na uso wa zege. Hewa ukaa inapoipunguzia zege uwezo wa kuikinga nondo, kutu huvimba na kuisukuma zege idondoke vipande. Paa bapa la lami huishi miaka 15 hadi 20, halafu hubadilishwa, wakati aliyejenga alidhani amemaliza. Vioo vizito vya unene wa milimita 25 vimeshikwa na zege au gundi ngumu isiyocheza. Dirisha la kale la vioo vyembamba likivimba, fundi hulitoa na kulipa risasi mpya; paneli ya zege ikipasuka hakuna njia rahisi. Kanisa kuu la jimbo lenyewe, la Frederick Gibberd, lililofunguliwa 1967, lilivuja na mozaiki zake za nje zikabanduka, kwa sababu vifaa vipya vilivyounganishwa havikutanuka kwa kiwango kimoja.

Joto nalo huharibu. Majiko ya gesi ya kuhamishwa hutoa kilo 1.6 hivi za maji kwa kila kilo ya gesi inayoungua, maji ambayo hutua kwenye ukuta baridi na kuinua rangi.

Nani anaruhusu

Majengo yenye thamani ya kihistoria huorodheshwa kwa daraja la I, II* au II. Kwa jengo lililoorodheshwa, mmiliki wa kawaida huomba kibali kwa halmashauri. Kanisa Katoliki limeondolewa sharti hilo kwa makanisa yanayotumika kwa ibada, mradi liwe na kamati yake ya makanisa ya kihistoria. Paroko hupeleka michoro na maelezo ya umuhimu wa kinachoguswa. Tangazo hubandikwa siku 28. Halmashauri, taasisi ya Historic England na vyama vya kitaifa vya urithi hutoa maoni. Ndipo kamati huamua. Mabadiliko ya nje bado yanahitaji ruhusa ya mipango miji. Paroko anayeng’oa mabenchi kwanza na kuuliza baadaye anaweza kuamriwa ayarudishe.

Kufunga kanisa ni suala la askofu, si la kamati. Kanuni ya 1222 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa sasa humruhusu kulitoa katika matumizi ya ibada na kulipeleka kwenye matumizi ya kawaida “yasiyo ya aibu”, na tafsiri ya neno hilo ni pana. St Peter’s ya Seel Street, katikati ya Liverpool, ilijengwa 1788, miaka mitatu kabla ya sheria kuruhusu. Kabla ya kufungwa ilihudumia Wapolandi wa mjini. Jengo hilo limeshageuzwa baa na mgahawa.